Aliyechoma Karatasi Asituulize Karatasi

Wandugu, kuna swali limenikera wiki nzima, na nisipolijibu hapa litageuka ugomvi kati yangu na marafiki. Swali lenyewe ni fupi: "Ushahidi wa maandishi uko wapi?" Nimeulizwa na jamaa zangu watatu kwa nyakati tofauti, wote wasomi, wawili tulikuwa pamoja Mlimani, baada ya kuwaazima filamu ya Kikorea ya mwaka 2016 iitwayo Guihyang, ambayo nje ya Korea inajulikana kama Spirits' Homecoming. Mmoja alinieleza kabisa kwamba ile ni propaganda ya Wakorea dhidi ya Wajapani, na kwamba mimi kama mwandishi wa habari nilipaswa kujua tofauti ya ukweli na hadithi ya kuliza watu.

Sawa. Tuongee kama waandishi wa habari basi.

Kwa ambao hamjaiona, filamu inaanza mwaka 1943. Korea ni koloni la Japani tangu 1910. Binti wa miaka 14, Jung-min, anachukuliwa kijijini kwao, anapakiwa kwenye treni na wasichana wenzake hadi kaskazini mashariki mwa China, na kufungiwa katika nyumba ambayo jeshi la Japani liliita kituo cha faraja. Faraja ya nani, mtaiona wenyewe. Filamu inakwenda mbele na kurudi nyuma kati ya miaka ile ya vita na mwaka 1991, ambapo bibi mmoja aliyenusurika anajaribu kufanya tambiko ili roho za wenzake walioachwa kule zipate kurudi kwao. Ndiyo maana ya jina la filamu.

Mwongozaji wake, Cho Jung-rae, alianza kuifikiria mwaka 2002 alipokuwa akijitolea katika nyumba wanakoishi wazee walionusurika, nje kidogo ya Seoul. Huko aliona mchoro wa bibi mmoja, Kang Il-chul, unaoonyesha wasichana wakichomwa moto shimoni. Kwa maelezo ya bibi mwenyewe, alipougua naye alipelekwa kuchomwa na akaponea chupuchupu. Cho alizunguka na wazo lake miaka mingi, wenye fedha wakimkimbia. Mwisho ikabidi iwe harambee: zaidi ya watu 75,000 walichanga na majina yao yakapita mwishoni mwa filamu. Ilipotoka Februari 2016, Wakorea zaidi ya milioni 3 walikwenda kuiona.

Filamu ina kasoro zake, na sitajifanya sizioni. Inalia kupita kiasi, na kuna mahali inamkaba mtazamaji koo badala ya kumwacha afikiri. Ukitaka kuikosoa kama filamu, karibu. Lakini jamaa zangu hawakuikosoa kama filamu. Walisema jambo lenyewe halina ushahidi. Hapo ndipo tunapogombana.

Tuanze na hizo karatasi wanazozidai. Agosti 1945, Japani ilipotangaza kusalimu amri, zilipita kama wiki mbili kabla majeshi ya Marekani hayajaanza kutua nchini humo. Wiki hizo mbili hazikupotea bure. Wizara za vita na vikosi viliamriwa kuteketeza nyaraka, na moshi ukapanda Tokyo na kila mahali jeshi lilipokuwa na ofisi. Hili si dai la Wakorea, ni jambo linalojulikana kwa kila mwanahistoria wa vita ile, wa Japani akiwemo. Sasa niambieni, mtu anachoma kabati zima la mafaili halafu miaka 60 baadaye mtoto wake anamuuliza bibi kizee, "Karatasi iko wapi?" Kwa akili ya kawaida tu ya mtaani, hiyo tunaiitaje?

Na bado, pamoja na moto wote ule, karatasi zilibaki. Juni 1990 serikali ya Japani iliulizwa bungeni kwao kuhusu wanawake hao, ikajibu kwamba ni mambo ya wafanyabiashara binafsi waliokuwa wakizunguka na jeshi. Profesa mmoja wa historia, Yoshiaki Yoshimi, Mjapani, aliingia kwenye maktaba ya taasisi ya utafiti ya wizara yao ya ulinzi na kutoka na nyaraka za jeshi lenyewe. Gazeti la Asahi likazichapisha ukurasa wa mbele Januari 11, 1992. Mojawapo ni agizo la Machi 4, 1938, lililotoka Wizara ya Vita kwenda kwa wakuu wa majeshi yaliyokuwa China. Linazungumzia kukusanya wanawake kwa ajili ya vituo vya faraja, na linalalamika kwamba baadhi ya mawakala wanatumia njia zinazofanana na utekaji nyara, hivyo jeshi lisimamie uteuzi wao kwa makini ili kulinda heshima ya jeshi. Mnaona? Wasiwasi wao ulikuwa heshima ya jeshi. Siku chache baada ya gazeti kutoka, Waziri Mkuu Kiichi Miyazawa alikuwa Seoul akiomba radhi. Agosti 1993 Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, Yohei Kono, akatoa tamko kwamba jeshi lilihusika na kwamba wanawake wengi walichukuliwa bila ridhaa yao, kwa kulaghaiwa na kulazimishwa.

Mtu angedhani hapo mjadala umekwisha. Wapi! Machi 2007 serikali ya hayati Shinzo Abe ilitoa msimamo wa baraza la mawaziri kwamba katika nyaraka ambazo serikali ilizipata, hakuna iliyoonyesha moja kwa moja kuwa jeshi au mamlaka iliwachukua wanawake kwa nguvu. Isomeni tena sentensi hiyo taratibu. Haisemi jambo halikutokea. Inasema halikuandikwa kwenye karatasi tulizobaki nazo. Jamaa zangu wa Mlimani wameimeza nzima nzima bila kujua imetoka kwa nani.

Tena karatasi za namna hiyo zipo, ila inategemea mwanamke alikuwa wa rangi gani. Mwaka 1944, huko Java, Wajapani waliwatoa wanawake wa Kiholanzi kwenye kambi za wafungwa na kuwaingiza katika vituo hivyo hivyo. Vita vilipokwisha, mahakama ya kijeshi ya Waholanzi mjini Batavia, ambayo leo ni Jakarta, iliwahukumu maafisa wa Kijapani mwaka 1948, na mmoja akahukumiwa kifo. Kesi, mashahidi, hukumu, mafaili, vyote vipo. Kwa mabinti wa Korea, wa China, wa Ufilipino na wa Indonesia yenyewe, waliokuwa wengi zaidi, hakuna aliyehangaika kufungua kesi kama hizo. Kwa hiyo tunapouliza "mbona hamna faili," tunauliza mbona wakubwa wa wakati ule hawakuwaona kuwa watu wa kufunguliwa faili. Mkuki kwa nguruwe.

Halafu kuna ile karatasi ambayo wapingaji wanaipenda sana, na mmoja wa jamaa zangu alinitumia kwa mbwembwe. Ni ripoti ya jeshi la Marekani ya Oktoba 1944, iliyotokana na kuwahoji wanawake 20 wa Kikorea waliokamatwa Myitkyina, kaskazini mwa Burma. Ripoti inawaita makahaba wafuata jeshi, na inasema waliishi vizuri kuliko wengi. "Umeona?" akaniandikia. Nimeona, ila mimi niliisoma yote. Ripoti hiyo hiyo inasema mawakala walikwenda Korea mwaka 1942 wakitangaza kazi ya kuhudumia majeruhi na kufunga bandeji hospitalini, pesa nyingi, na nafasi ya kulipa madeni ya familia, na kwamba wengi walijiandikisha kwa uongo huo na kupewa fedha za awali zilizowafunga mpaka walipe. Imeandikwa na afisa aliyewahoji kama wafungwa, na dharau yake inaonekana waziwazi. Basi karatasi nayo ina mwandishi, na mwandishi ana macho yake. Kuandikwa kwa mashine na kugongwa muhuri hakuigeuzi kuwa msahafu.

Burma hiyo, kwa taarifa yenu, si mbali nasi kama mnavyodhani. Mwaka huo huo wa 1944, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, walikuwa wakiwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria. Hao ndio babu zetu wa KAR. Wengi wao hawakuacha mstari hata mmoja wa maandishi yao wenyewe. Tunayoyajua kuhusu walivyoishi vita ile, mengi ni kwa sababu mtu aliketi nao akawasikiliza. Je, nao tuwaambie hawakwenda?

Na Maji Maji je? Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kuwahoji wazee waliokuwepo au waliosimuliwa na waliokuwepo. Bila kazi ile, Maji Maji yetu ingekuwa ni ripoti za maafisa wa Kijerumani tu. Msomi wa Mlimani anayesema neno la bibi kizee si ushahidi anakata tawi alilokalia.

Turudi Korea. Agosti 14, 1991, mwanamke mmoja aliyeitwa Kim Hak-sun alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Seoul, kwa jina lake na sura yake, akasema yeye alikuwa mmojawapo. Alikuwa amechukuliwa akiwa na miaka 17. Alisema kilichomtoa nyumbani ni kuisikia Japani ikidai kwamba haikuhusika. Fikirieni uzito wake: miaka 46 ya kunyamaza, katika jamii ambayo ingemwona yeye ndiye mwenye aibu. Alipofungua mlango, wakafuata wengine Korea, Ufilipino, China, Taiwan, Indonesia, na bibi wa Kiholanzi aliyekuwa akiishi Australia. Watu wasiojuana, wa lugha tofauti, wakieleza nyumba zilizofanana, foleni za askari zilizofanana, vipimo vya daktari vilivyofanana. Kwenye kazi yetu ya habari, vyanzo vinavyojitegemea vikikubaliana hivyo tunaviita nini?

Najua mtanirushia jina la Seiji Yoshida. Sawa, tumzungumze. Huyu ni Mjapani aliyedai kwamba yeye mwenyewe aliwasomba wanawake kwa nguvu katika kisiwa cha Jeju. Watafiti walikwenda Jeju, hawakupata kitu. Mwaka 2014 gazeti la Asahi lilifuta habari zake zote. Ni vizuri, gazeti linapaswa kufuta uongo. Lakini angalieni: aliyedanganya ni mwanaume mmoja, na uongo wake ulikamatwa kwa kuuliza wazee wa Jeju, yaani kwa ushahidi wa mdomo! Wapingaji wakautumia uongo wa Yoshida kuwafuta wanawake mamia ambao hawakumtegemea kwa lolote. Na mwandishi Takashi Uemura, aliyekuwa wa kwanza kuandika habari za Kim Hak-sun kwenye Asahi mwaka 1991, akasakamwa hadi chuo alichokuwa akifundisha Sapporo kikapokea vitisho vya mabomu. Mnaosema mnatetea ukweli wa kihistoria, mnawatambua wenzenu hao?

Suala la kama neno la mwanamke linatosha liliamuliwa hapa nyumbani, Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilipoanza kumshitaki Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bwana mkubwa wa wilaya ya Taba, hati ya mashitaka haikuwa na neno ubakaji. Shahidi mmoja mwanamke, katikati ya ushahidi wake, akaeleza alichofanyiwa binti yake wa miaka 6. Kesi ikasimama, uchunguzi ukafanyika, hati ikabadilishwa mwaka 1997. Septemba 2, 1998, hukumu ikatoka: ubakaji unaweza kuwa njia ya kufanya mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza duniani. Na kanuni ya 96 ya mahakama ile ilisema wazi kwamba katika makosa ya namna hiyo, ushahidi wa mwathirika hauhitaji kuungwa mkono na ushahidi mwingine. Haikusema aaminiwe bila kuhojiwa. Mawakili walihoji mpaka wakachoka. Ilisema tu kwamba hatuwezi kumdai karatasi mtu ambaye mtesi wake hakumwandikia risiti.

Kutoka Arusha hadi Tokyo njia ilikuwa fupi. Desemba 2000 mashirika ya wanawake wa Asia yaliitisha mahakama ya wananchi mjini Tokyo kusikiliza kesi ya vituo vya faraja. Haikuwa na nguvu ya dola, haikuweza kumfunga mtu. Lakini ilisoma nyaraka, ikasikiliza wanawake walionusurika, ikasikiliza hata askari wa zamani wa Kijapani waliokiri. Miongoni mwa majaji wake wanne alikuwemo Willy Mutunga wa Kenya, ambaye baadaye, kuanzia 2011 hadi 2016, alikuwa Jaji Mkuu wa nchi yake. Kwa hiyo anayesema haya hayamhusu Mwafrika, aende akamuulize Mutunga. Walimkuta Mfalme Hirohito na hatia.

Televisheni ya taifa ya Japani, NHK, ilitengeneza kipindi kuhusu mahakama hiyo. Kilipoonyeshwa Januari 30, 2001, hukumu dhidi ya Mfalme haikuwemo, maelezo ya askari waliokiri hayakuwemo, na kipindi kilichopangwa dakika 44 kilikwisha kwa dakika 40. Mwaka 2005 Asahi liliandika kwamba wanasiasa, akiwemo Abe, walikuwa wamekutana na wakuu wa NHK na kuwashinikiza. Wanasiasa hao walikana. Mimi sina haja ya kubishania nani alisema nini ofisini. Najua zile dakika 4 hazikuonyeshwa. Ndivyo ushahidi unavyopotea siku hizi, bila kiberiti.

"Lakini Wakorea nao wanaitumia kisiasa." Ni kweli, na si wao tu. Mawakala wengi waliowalaghai mabinti walikuwa Wakorea wenzao. Jamii yao iliwanyamazisha miaka 46. Desemba 28, 2015, serikali ya Korea Kusini ilikubaliana na Japani kulimaliza suala kabisa kwa yeni bilioni 1, bila kuwashirikisha kwanza bibi wenyewe. Mwaka 2020 mmoja wa bibi hao, Lee Yong-soo, alisimama hadharani kuwashutumu wanaharakati waliokuwa wakimsemea. Na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini iliamua kwamba serikali yao wenyewe inawajibika kwa wanawake waliotumikishwa kwenye vijiji vya kuzunguka kambi za Wamarekani, baada ya Japani kuondoka. Ukitaka kuwasema Wakorea, silaha ndizo hizo, zichukue. Hakuna hata moja kati yake inayofuta kilichomkuta Kim Hak-sun.

Na tusijifanye watakatifu. Sisi wa pwani tuna neno "suria". Neno laini, karibu la heshima, kwa mwanamke aliyenunuliwa na kulazwa na mwenye mali. Babu zetu walilitamka sebuleni bila kukohoa. Wajapani wakasema "faraja." Kila aliyefanya jambo hili alitafuta kwanza neno tamu.

Kwa nini nimepandisha hasira hivi kwa filamu ya watu wa mbali? Kwa sababu ya kazi yangu. Kuna dada alikuja chumba cha habari, si zamani, amerudi kutoka Uarabuni. Alikuwa ameahidiwa kazi ya dukani. Alipofika, hati ya kusafiria ikachukuliwa, na kazi ikawa ya ndani na mengine ambayo aliyasema akiangalia sakafu. Swali la kwanza aliloulizwa mezani lilikuwa, "Una mkataba?" Mkataba! Aliyenao ni yule yule aliyemchukulia hati. Habari ikawekwa pembeni. Mimi na mwenzangu mmoja hatukukubali. Tulitumia wiki tatu, tukapata wengine wawili waliopitia kwa wakala huyo huyo, hawajuani, maelezo yanalingana hadi rangi ya geti. Habari ikatoka. Ndivyo kazi inavyofanywa. Unamsikiliza, unamhoji, unakwenda kutafuta wengine. Kudai karatasi kisha kurudi kunywa chai, huo ni uvivu uliovaa tai.

Wanahistoria wanabishana idadi, kuanzia kama 20,000 kwa makadirio ya chini hadi 200,000 na zaidi, na wabishane, ni kazi yao. Serikali ya Korea Kusini iliwaandikisha wanawake 240 waliojitokeza. Hadi mwaka 2025 waliobaki hai walikuwa hawafiki kumi. Muda si mrefu hatakuwepo wa kuulizwa, na ndipo hoja ya karatasi itakapopata nguvu kuliko leo, maana karatasi hazifi.

Kwa hiyo jamaa zangu watatu, na wengine mnaofikiri kama wao: filamu ninayo, nitawaazima tena. Safari hii msiniulize kama kuna karatasi. Niulizeni nani alizichoma, alizichoma lini, na kwa nini alikuwa na haraka.